Siwa: Baragumu la Heshima

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, mbiu ilikuwa pembe ya mnyama, nayo iliwaita watu wote. Lakini palikuwa na baragumu lililoipita kwa cheo, lililopulizwa kwa ajili ya wachache tu. Hilo ndilo siwa.

Siwa hupulizwa katika tundu lililo ubavuni, wala si nchani. Mwezi wa Aprili mwaka 1498, mabaharia wa Vasco da Gama walipofika Malindi, waliandika kwamba mfalme wa mji alikuwa na mabaragumu mawili ya pembe za ndovu, yenye nakshi nyingi na marefu kama kimo cha mtu.

Siwa mbili mashuhuri za visiwa vya Lamu zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu, nchini Kenya. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, na urefu wake wapita mita 2. Ya Lamu ni ya shaba. Fundi aliichonga kwanza kwa nta, akaifunika kwa udongo, akaupasha moto hata nta ikayeyuka na kutoka, kisha akamimina shaba mahali pake.

Siwa ilipigwa watawala walipotawazwa, na katika arusi na tohara za waungwana. Kunyimwa siwa ilikuwa fedheha. Tarehe ya Pate yasimulia habari za Mwana Darini, bibi wa ukoo bora, aliyenyimwa siwa ya mfalme kwa sherehe ya mwanawe. Hakulia wala hakuomba mara ya pili. Alimwita fundi hodari, Mwenyi Baayi, akamwagiza achonge siwa nyingine ya pembe, ipite ile ya mfalme kwa uzuri.

Kisa hicho ni funzo kwa kila mwenye kukusanya ala za kale. Thamani ya siwa haikuwa katika pembe peke yake, bali katika haki ya kupigiwa. Anunuaye baragumu kuukuu bila kuuliza lilitoka wapi, lilipigwa na nani na kwa shughuli gani, amepata chombo na kupoteza habari zake.

Basi nyumba iliyorithi pembe ya babu na iandike habari hizo wazee wangali hai. Pembe isianikwe juani wala isiwekwe karibu na jiko, maana itapasuka. Pembe ya ndovu iliyo kuukuu isipulizwe kwa mchezo, kwani unyevu wa pumzi huidhuru. Shaba isisuguliwe kwa ndimu na mchanga, nakshi zisije zikafutika. Wala mgeni mwenye fedha asiuziwe kwa siri. Biashara ya pembe za ndovu baina ya mataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na mali ya kale ina sheria zake.

Pembe yaweza kudumu karne nyingi kabatini. Ajuaye kuipuliza hadumu hivyo. Naye aulizwe mapema.