Chungu cha Ugenini

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki hii tunajibu swali lililotufikia kutoka Kiwayu, kwa mama ambaye binti yake yuko masomoni New York. Binti alimweleza kwa simu kwamba mwenzake wa darasani, msichana wa Kiukraine, alimwalika katika mkahawa wa kwao. Huko alikunywa supu nyekundu na kula vitu mfano wa sambusa za kuchemsha. Tangu siku hiyo mama hapokei simu ya mwanawe. Anatuuliza: je, mwanangu amekula haramu?

Kabla ya kukihukumu chungu, yatupasa tujue kilichomo. Migahawa ya Waukraine si mipya katika mji ule. Unaojulikana zaidi, Veselka, ulianzishwa mwaka 1954 na Wolodymyr Darmochwal, mmoja wa Waukraine waliokimbilia Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Jina lake maana yake ni upinde wa mvua. Migahawa ya namna hii ni ya watu wa kawaida: huingia mwanafunzi, huingia mfanyakazi, kila mtu akala kwa kadiri ya mfuko wake.

Supu ile nyekundu ni borshi, na wekundu wake ni wa bitiruti. Hupikwa pamoja na kabeji, viazi na vitunguu, ikatiwa malai chachu juu yake. Mwezi Julai 2022, vita vikiwa vimeshapamba moto nchini mwao, UNESCO iliutia upishi wa borshi wa Ukraine katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Zile sambusa za kuchemsha ni vareniki, unga wa ngano uliokunjwa ndani yake viazi, kabeji, jibini au hata matunda.

Sasa tuje kwenye hukumu. Aya ya 5 ya Surat al-Maida imetuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu. Kwa hiyo kuketi na Mkristo mezani na kula alichokupikia si dhambi kwa asili yake. Lakini ruhusa hiyo haikihalalishi kilichoharamishwa kwa dhati yake. Nguruwe ni haramu, awe amepikwa na nani, na pombe ni pombe, iwe katika bilauri au katika sufuria.

Na hapa ndipo penye tahadhari. Wapishi wengi wa Kiukraine huianza borshi kwa mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe, na vitunguu vinavyonyunyizwa juu ya vareniki huenda vimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Macho hayatambui, na ulimi usiozoea hautambui. Lakini ipo pia borshi isiyo nyama kabisa, kwani Wakristo wa Orthodox hujizuia na nyama katika mifungo yao, wakaipika kwa maharagwe na uyoga. Basi binti yetu na aulize mambo matatu: supu hii imeanzwa kwa nini, vitunguu vimekaangwa kwa mafuta gani, na je, chungu hiki hupikiwa nguruwe? La tatu tusilidharau, kwani katika madhehebu yetu ya Shafii chombo kilichoguswa na nguruwe kikiwa na unyevu huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Akijibiwa kwamba mna nguruwe, ashukuru na aagize chai. Nyama asiyoijua imechinjwa vipi, aiache.

Wala kuuliza si utovu wa adabu. Wageni wanaofika Kiwayu huuliza ndani ya mchuzi wetu mna nini, na hakuna mama anayekasirika. Humweleza mgeni: hii ni nazi, huyu ni kamba, hii ni pilipili, tahadhari nayo. Mwenye chakula chake hufurahi kuulizwa.

Tunaye pia wa kumfuata katika hili. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa karibu mwaka 1331 na kuwasifu wenyeji kwa dini yao, alisafiri vilevile hadi Crimea na nyika zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi. Huko aliletewa kinywaji asichokijua. Alikionja, akakiona kichungu, akakiacha, kisha akauliza kimetengenezwa kwa nini. Hakuwakimbia wenyeji wake, wala hakunywa ili awaridhishe.

Tena mama asidhani kwamba nchi ile haina ndugu zetu. Watatari wa Crimea ni Waislamu wa Sunni, wa madhehebu ya Hanafi, ambao Stalin aliwahamisha kwa nguvu mwezi Mei 1944. Wanacho chakula kiitwacho chebureki, unga uliotiwa nyama ukakunjwa na kukaangwa, ambacho mama wa Kiwayu akikiona atadhani kimetoka jikoni kwake.

Ama kilichokwisha kuliwa, ikiwa binti hakujua na hakukusudia, hana dhambi. Hatumlaumu mtu kwa dhana, na yakini haiondolewi na shaka. Lililobaki ni kumfunza aulize siku zijazo.

Mama yetu mpendwa, tunakuomba ulitazame jambo moja. Binti yako yuko mbali, hakuna aliyemwona akila, na angeweza kunyamaza. Alikueleza kwa sababu bado wewe ndiwe anayekutegemea katika halali na haramu. Ukiufunga mlango huo, swali la pili hatakuletea wewe. Atampelekea mwingine, au hatauliza kabisa. Hasara hiyo ni kubwa kuliko bakuli la supu.

Naye yule msichana wa Kiukraine, ambaye nchi yake ilivamiwa kwa vita vikubwa tarehe 24 Februari 2022, alimwonjesha mwenzake ladha ya kwao. Wema hulipwa kwa wema. Mwambie binti yako naye amwalike, ampikie wali wa nazi na samaki wa kupaka, na ukimweleza kipimo cha tui, mtakuwa mmekwisha kuzungumza.

Pokea simu, mama.

Wabillahi tawfiq.