Mkojani Hakuzaliwa na Juya Mkononi

Tembea madiko yenye kambi za dago, yaani za wavuvi wageni wa msimu, kuanzia Misali mpaka pwani ya Tanga, uulize nani anaharibu bahari. Hutatajiwa nyavu, wala mwenye nyavu, wala aliyetoa ruhusa. Utatajiwa kisiwa, Kojani ya Pemba: “Wakojani hao.” Hata kwenye mabaraza ya kahawa ya Wete, huko huko Pemba, kwa watu waliosoma nao skuli na kuoleana nao, utasikia kwamba ndivyo walivyoumbwa, kuvunja sheria ya bahari kumo damuni mwao. Maneno haya ni uongo. Yanawavunjia heshima watu wanaofanya kazi ngumu kuliko wengi wetu, na papo hapo yanawafunika wale ambao ndio hasa wanaopaswa kuulizwa.

Sitetei juya, nyavu ya kukokota wanayolaumiwa nayo. Linahitaji watu 20, hata 30. Wapiga mbizi huzama bila mtungi wa hewa, wakawakurupusha samaki kutoka kwenye mwamba waingie mfukoni mwa nyavu, na zikikwama ndio hao hao wanaoshuka kuzinasua. Matumbawe yanavunjika, samaki wachanga wanazolewa pamoja na wakubwa, na mvuvi wa mshipi wa mahali pale anarudi kwake na chombo kitupu. Hasira zake ni za haki kabisa. Ninachokataa ni ile sababu anayopewa.

Mwaka 1876 daktari wa Kiitalia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akidai kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu, na kwamba ukimpima fuvu na taya utamtambua. Ulaya ilimwamini kwa miaka mingi, kisha elimu ikamtupa. Miongoni mwa zilizompinga ni kazi za watu waliokwenda mitaani kuhesabu. Wanasosholojia Clifford Shaw na Henry McKay walifuatilia kesi za vijana wa Chicago kwa miongo kadhaa, na mwaka 1942 wakachapisha walichokiona: mitaa iliyokuwa na uhalifu mwingi ilibaki nao, ijapokuwa wakaazi walibadilika. Wajerumani na Waairishi walihama, wakaingia Waitalia na Wapolandi, na kila kabila lililohamia mitaa mizuri liliacha sifa mbaya nyuma yake. Sifa ilikuwa ya mahali na ya mpangilio wa maisha ya mahali pale. Anayemwambia Mkojani kwamba uharibifu umo damuni mwake anarudia ya Lombroso, na mitaa ya Chicago imeshamjibu.

Wapo wanaojiona waungwana zaidi, wakasema basi ni umasikini. Nayo haitoshi. Kojani hiyo hiyo ina wavuvi wa mishipi, wa jarife na wa madema, wasio matajiri kuliko wenzao wa juya, na sheria hawajaivunja. Njaa peke yake haimchagulii mtu nyavu.

Tuangalie kisiwa chenyewe. Kojani ni kidogo, nyumba zimebanana, na anayetaka kulima huvuka maji aende upande wa Pemba kubwa. Kilichobaki ni bahari, na bahari ya karibu haiwatoshi watu wote wale. Ndiyo maana vijana huenda dago: wanafunga safari kwa upepo, wanapiga kambi ugenini, wanarudi nyumbani sikukuu ikikaribia. Huu ndio uchumi wao tangu enzi za mababu.

Kijana akiwa Kojani anaonekana na kila mtu. Kuna mzee wake, mkwe wake, mwalimu aliyemsomesha chuoni, sheha, na mwamba ambao mwakani atautaka tena. Msosholojia wa Kimarekani Travis Hirschi, katika kitabu chake cha 1969, aligeuza swali: badala ya kuuliza kwa nini watu huvunja sheria, aliuliza kwa nini wengi hawaivunji, akajibu kwamba wamefungwa na watu na mambo wasiyotaka kuyapoteza. Dago linamfungua mtu kamba hizo. Anatozwa ushuru na wenyeji, anakaa kibandani ufukweni, lakini kamati ya wavuvi wa pale haimpi kiti, na wakati wowote anaweza kuambiwa ahame. Mwamba ambao hana hakika kama ataruhusiwa kuurudia, ataulinda kwa faida ya nani? Mweke mvuvi wa Makunduchi au wa Tumbatu katika hali hiyo hiyo, utaona.

Sasa fuata pesa, maana hapa ndipo tunapofumba macho. Samaki wakishanadiwa, kwanza hutolewa gharama za mafuta, barafu na chakula. Kinachobaki kinagawiwa: chombo na nyavu vinachukua fungu lao nono, na watu wale 20 au 30 wanagawana lililosalia. Fungu la chombo na nyavu ni la tajiri. Tajiri hakulowa. Yeye ndiye aliyechagua nyavu, akanunua injini, akawakopesha mabaharia pesa ya kuachia nyumbani kabla hawajaondoka, na deni hilo ndilo linalomrudisha kijana chomboni msimu unaofuata. Msosholojia Robert Merton alieleza mwaka 1938 kwamba uvunjaji wa kanuni huongezeka pale jamii inapomdai mtu mafanikio huku imemfungia njia halali za kuyafikia. Kijana wa Kojani anadaiwa mahari na anadaiwa nyumba ya matofali, na benki inamdai hati ya mali ambayo hana. Mlango ulio wazi ni wa tajiri, na ndani yake kuna juya.

Akishaingia, anafundishwa. Msosholojia Edwin Sutherland alionyesha kwamba uhalifu hujifunzwa kwa watu wa karibu, kama kazi nyingine yoyote. Mtoto anayefundishwa na nahodha kukaza pumzi na kushika kamba anajiona anafundishwa uvuvi, na nahodha naye hivyo hivyo. Sutherland huyo huyo, mwaka 1939, aliwalaumu wenzake kwa kuwachunguza masikini tu na kuacha makosa ya wenye mali. Lawama hiyo inatuhusu. Tunawajua wavuvi kwa jina la kisiwa chao. Wenye majuya hatuwataji.

Tena sheria yenyewe inaweza kumfanya mtu mhalifu. Kuna jambo limetokea mbele ya macho yetu Kenya. Katika kaunti za Kwale na Kilifi wanaishi watu wa asili ya Pemba, wengine wamezaliwa huko na wazazi waliozaliwa huko. Kwa miaka mingi hawakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna leseni ya uvuvi, kwa hiyo kila alfajiri walipotia chombo majini walikuwa wahalifu, hata wakiwa na mshipi mmoja. Mwaka 2023 serikali ya Rais William Ruto iliwatambua kuwa ni jamii ya Kenya, wakaanza kupewa vitambulisho. Mvuvi yule yule, mshipi ule ule, akawa raia mwenye haki ya leseni. Msosholojia Howard Becker alikwishaandika mwaka 1963 kwamba jina la mhalifu linategemea pia anayetunga kanuni na anayelipachika.

Na Wapemba hatuna haki ya kusahau karafuu. Mnunuzi halali alikuwa mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, bei yake ikiwa chini, na ng'ambo ya mkondo, Shimoni ya Kenya, kulikuwa na bei bora. KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, walilinda, watu walifungwa, karafuu zikapita. Tukaitwa watu wa magendo kwa asili, na ikatuuma. Mwaka 2011 bei ikapandishwa hadi shilingi 15,000 kwa kilo, magendo yakapungua sana, na Wapemba ni wale wale. Leo tunamwambia Mkojani maneno yale yale tuliyokuwa tukiambiwa sisi.

Ninachodai ni hiki. Nahodha wa dago apewe kiti katika kamati ya diko alipopiga kambi, awajibike pamoja na wenyeji. Vijana wakopeshwe kwa kuangalia mauzo yao ya mnadani, badala ya hati ya shamba. Na juya likikamatwa, majina ya mabaharia waliokutwa chomboni yasitoshe. Iulizwe nyavu ni za nani na nani alizinunua, na jina hilo liandikwe la kwanza kwenye hati ya mashitaka.