Sheria inaona midomo yetu, haioni makuta yetu

Wandugu vijana wa Lubutu, na nyinyi wote munaotusoma toka Kindu mpaka Kisangani,

Kila juma tunasikia habari za namna moja. Mama wa soko anapigiwa simu: "Nimekutumia makuta kwa makosa, tafazali rudisha." Anarudisha, kumbe hakuna kitu kiliingia. Kijana anaona tangazo la kazi ku WhatsApp, alama ya ONG kubwa iko juu, wanamuomba dolari 20 za "dosye". Analipa, namba inazimwa. Binti anatishwa: leta makuta ao picha zako zitatembea muji muzima. Na sisi wenye diploma bila kazi ndio mawindo ya kwanza, juu wanajua njaa yetu.

Kisha inakuwa kimya. Aliyeibiwa anaona haya. Akijaribu kwenda kushtaki, anaambiwa: "Ulituma wewe mwenyewe, hakuna kesi." Tuseme wazi: ni uongo.

Kesi iko. Code pénal ya tarehe 30 Januari 1940, kifungu cha 98, inaazibu mtu anayejipatia mali ya mwingine kwa jina la uongo ao kwa hila: kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 5. Mdanganyifu hakunyang'anyi, anakufanya umpe. Kosa lenyewe ndilo hilo, na liliandikwa hata mbele ya wazazi wetu kuzaliwa. Juu yake, tangu tarehe 13 Machi 2023 inchi yetu iko na Code du numérique, sheria ya mambo ya intaneti na dijitali, yenye sehemu nzima kwa ajili ya makosa ya namna hii.

Lakini sheria hiyo mpya ilikimbia kwa nani? Tarehe 8 Septemba 2023, mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa juu ya makala iliyotoka ku Jeune Afrique, makala isiyokuwa na jina lake. Wakamushtaki pia kwa kutumia Code du numérique. Wakachukua simu zake, wakafuata njia ya karatasi moja iliyopita ku mitandao. Alitoka gereza la Makala Machi 2024, kisha miezi 6 na zaidi.

Basi wasituambie uwezo hauko. Serikali inayoweza kutafuta nani alituma karatasi, inaweza kutafuta nani alipokea makuta ya mama. Kila SIM inapaswa kuandikishwa kwa jina la mwenyewe. Parquet iko na haki ya kuuliza kampuni ya simu: namba hii ni ya nani? Inabaki kuuliza tu.

Wewe uliyeibiwa, fanya hivi:

Usifute kitu. Chunga SMS, namba, saa, kode ya malipo. Piga picha za skrini. Maandiko ya dijitali ni ushahidi mbele ya sheria.

Saa ile ile, ita kampuni yako ya simu ao enda ku ajensi yake, omba wazuie yale makuta. Namba yako ya siri usipatie mtu, hata akisema anatumika kule.

Kama unatishwa kwa picha, usilipe. Ukilipa leo, kesho atarudi.

Andika mashtaka ku karatasi, nakala mbili. Peleka kwa OPJ wa polisi, ao moja kwa moja kwa procureur. Nakala yako ipigwe muhuri na tarehe. Bila muhuri, watasema hawajakuona.

Tunajua mutauliza: nani atalipa moto mpaka ku parquet kwa ajili ya dolari 20? Swali ni la kweli, na wezi wanalitegemea. Wanaiba kidogo kidogo kwa watu wengi ili kila mmoja aone haifai kusumbuka. Jibu ni kushtaki pamoja. Namba moja iliyoibia watu kumi inapaswa kupata mashtaka kumi, siku moja, ku meza moja. Hapo hakuna atakayesema ni kitu kidogo.

Kwa wakubwa tunaomba mambo matatu. Ma-OPJ wapokee mashtaka bure, kwa maandishi. Parquet iulize jina la mwenye namba, na itujulishe dosye imefika wapi. Kampuni za simu zijibu mbele makuta hayajatolewa. Sheria inayofunga mwandishi na kumfukuza mama wa soko, tutaendelea kuisema kwa sauti.

Wandugu, anayepaswa kuona haya ni mwizi. Kama wamekuibia, njoo utuone. Diploma zetu bado hazijapata kazi. Basi zitaandika mashtaka yako, na tutakusindikiza mpaka muhuri upigwe.