Neno la Mwalimu: Hoteli ya Usiku Ule Nani Alipe?

Jamaa zangu,

Mwaka huu nimeombwa niandike juu ya jambo lililozikuta nyumba nyingi humu: safari ya ndege kufutwa, na abiria kulala hoteli kwa fedha zake. Wengi wetu huona kudai fedha hizo ni kama kuomba. Wakifika nyumbani hutupa stakabadhi na kusema, "Yamekwisha." Kwa aliyekuwa akiondokea Uingereza, hayajakwisha.

Iko kanuni ya Umoja wa Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005. Uingereza ilipotoka katika Umoja huo iliibakiza katika sheria zake. Safari ikifutwa, shirika limpatie abiria anayengoja ndege nyingine chakula, hoteli ikibidi kulala, na gari la kwenda hotelini na kurudi uwanjani. Hata simu mbili za bure zimo, ingawa kwa ukoo kama wetu simu mbili hazifiki popote.

Karani atakwambia, "Ni hali ya hewa, si kosa letu." Hapo ndipo watu wetu hunyamaza, na wazee wakalala juu ya mabegi. Hali ya hewa yaweza kuliondolea shirika fidia, yaani ile fedha ya usumbufu; hoteli haiiondoi. Majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga ya Ulaya Aprili 2010, abiria mmoja alikwama Ureno karibu wiki nzima, akadai gharama zake. Mahakama ya Ulaya kule Luxembourg ikaamua Januari 2013 kwamba hata janga kama lile halilivui shirika wajibu wa kumtunza abiria. Lakini kinachorudishwa ni gharama za lazima na za kiasi. Chumba cha kawaida na sahani ya wali, sawa. Suti mpya, hapana.

Basi kwanza mwombe karani hoteli. Akikunyima, tafuta mwenyewe, uchukue stakabadhi yenye jina lako na tarehe. Barua ya madai iende kwa shirika lililokuwa lirushe ndege, si kwa wakala aliyekuuzia tiketi. Wala usikimbilie kurudishiwa nauli kama bado wataka kusafiri, kwani ukiichagua, wajibu wa kukulaza umeondoka.

Wanaorudi huku kutoka Unguja, Mombasa au Muscat waangalie zaidi. Kanuni hii huwafikia tu wakipanda ndege ya shirika la Uingereza au la Ulaya. Kwa mashirika mengine shikeni masharti ya tiketi na bima ya safari, na bima hiyo ikatwe kabla ya kuondoka. Mimi naona tiketi ya bei nafuu bila bima si nafuu hata kidogo kwa mwenye watoto wanne.

Asiyeweza kuiandika barua kwa Kiingereza aniletee, nitamwandikia. Ila aje na stakabadhi, asije na hadithi.