Choo cha Mtoto Mchanga ni Kitambaa



Leo tuzungumze juu ya jambo dogo linalofanyika katika kila nyumba yenye mtoto mchanga. Linafanyika mara nyingi kwa siku, na usiku pia. Mtoto amejisaidia. Mama anamfuta. Je, anamfuta kwa kitu gani?

Siku za kliniki ya watoto pale zahanati huwa naangalia. Mama mmoja hutoa pakiti ya vitambaa vya dukani, vile laini vyenye unyevu na manukato. Mwingine ana kitambaa chake alichokuja nacho kutoka nyumbani. Lakini wengi, tuseme kweli, hushika ncha ya kanga waliyojifunga. Mtoto anafutwa makalio, ncha ile inakunjwa kwa ndani, na kazi imekwisha. Baada ya muda mfupi mtoto anatokwa na kamasi. Ncha nyingine ya kanga ile ile inamfuta pua na macho. Jioni kanga hiyo hiyo inashikia sufuria ya ugali.

Sisemi haya ili kumwaibisha mtu. Mimi ni kijana, na mama zangu wanaosoma gazeti hili wamelea watoto wengi. Lakini mimi ndiye ninayepokea watoto wanapoletwa wakihara, macho yameingia ndani na midomo imekauka. Kwa hiyo mniruhusu nitoe maoni yangu. Naona kitambaa cha kufuliwa, kilichokatwa nyumbani, ni bora kuliko kile cha kutupa. Lakini kinachotuumiza zaidi kijijini ni ncha ya kanga, wala si pakiti ya dukani.

KINYESI CHA MTOTO NI KINYESI

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu vya kampeni, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa, na mpaka leo tunaisifu. Lakini choo hakimsaidii mtoto wa miezi 5, kwa sababu yeye haendi chooni. Choo chake ni kitambaa. Nyumba inaweza kuwa na choo kizuri chenye mfuniko. Kama kinyesi cha mtoto kinabaki kwenye nguo ya mama, au kinatupwa nyuma ya nyumba, nyumba hiyo ina nusu ya choo.

Watu wengi husema kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina madhara kwa kuwa hakinuki sana. Si kweli. Watoto wadogo ndio wanaougua kuhara mara nyingi zaidi, na vijidudu vya kuhara hutoka katika kinyesi chao. Kutoka hapo huenda kwenye mikono ya mama, kwenye chakula, na kwenye kinywa cha mtoto mwingine. Tangu mwaka 2013 watoto wetu wanapata chanjo ya rota, na tunashukuru. Lakini chanjo hiyo inakinga kuhara kwa aina moja tu. Kuhara kwa aina nyingine bado kunazuiwa kwa sabuni na maji.

Halafu kuna macho. Katika mikoa kama Dodoma watu wanaufahamu ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utotoni, kope hupata makovu na kugeukia ndani. Nywele za kope hukwaruza jicho, na mwisho mtu hupofuka. Ugonjwa huu husambazwa na uchafu wa macho na pua kwa njia ya vidole, nguo, vitambaa na nzi. Nzi wanaopenda macho ya watoto huzaliana katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Kwa hiyo kinyesi cha mtoto ulichotupa nyuma ya nyumba kinaweza kurudi kwenye macho yake kikiletwa na nzi.

Huko Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti walianza kuufuatilia ugonjwa huu katika miaka ya 1980. Waliona kwamba watoto ambao nyuso zao zilikuwa safi wakati wote walipata trakoma kali mara chache kuliko wenzao. Uso safi unahitaji kitambaa chake chenyewe. Kitambaa cha uso kisiguse makalio, na cha makalio kisiguse uso. Nitawaonyesha njia rahisi ya kuvitenga.

HESABU YA DUKANI

Siku hizi watu wakienda kumwona mzazi, wengine huchukua pakiti ile yenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Ni zawadi nzuri, wala sikatai. Kwa safari ya basi inafaa. Lakini kwa matumizi ya kila siku, chukua kalamu tupige hesabu.

Tuseme pakiti ina vitambaa 60. Mtoto anajisaidia mara 5 kwa siku, na kila mara unatumia vitambaa 3. 5 mara 3 ni 15. Pakiti itaisha kwa siku 4. Kwa mwezi wa siku 30 utahitaji pakiti 8. Sasa zidisha kwa bei ya duka la kijijini kwenu. Kisha ulinganishe na bei ya sabuni ya mche kwa mwezi huo huo. Jibu lako liandike hapa pembeni ya gazeti, umwonyeshe baba wa mtoto.

Vitambaa hivyo vikishatumika huenda wapi? Vingi vimetengenezwa kwa nyuzi zilizochanganywa na plastiki. Ukivitupa chooni haviozi, navyo hujaza shimo upesi. Ukivitupa shambani, kuku na mbwa watavitawanya. Tena manukato yake huwasha ngozi ya watoto wengine, wakatoka vipele. Ngozi ya mtoto mchanga haihitaji manukato. Maji safi ya uvuguvugu yanatosha.

KANGA MOJA, VIPANDE 24

Chukua kanga ya zamani. Nasema ya zamani kwa sababu kanga mpya ina dondo, na nguo yenye dondo hainyonyi maji vizuri. Kanga iliyofuliwa miaka 3 au 4 ni laini na inanyonya.

Lakini kwanza uijaribu, kwa maana siku hizi kanga nyingine si pamba tupu. Dondoshea tone la maji. Kama maji yanazama upesi, ni nzuri. Kama tone linakaa juu au kuteleza, iache. Ukiwa bado na shaka, vuta uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Kama huna kanga ya kukata, fulana ya pamba ya mtumba inafaa vile vile. Kitenge kizito ni kigumu mno kwa makalio ya mtoto.

Kanga ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu sentimita 110. Gawa urefu wake mara 6, na upana wake mara 4. 6 mara 4 ni 24. Sasa viangalie vipande vyako. Vile vya pembeni vina pindo la kanga. Vihesabu: ni 16. Vile vya katikati, vya mji, ni 8. Basi vile 16 vya pindo viwe vya makalio, na vile 8 vya mji viwe vya uso na mikono. Hata bibi asiyejua kusoma, hata dada mdogo anayebeba mtoto, ataona tofauti kwa macho na hatachanganya. Maneno ya kanga yatakatika katikati, lakini mtoto hatalalamika.

Kunja kingo za kila kipande uzishone, kwa cherehani au kwa mkono. Usiache nyuzi zinaning'inia. Uzi mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu isipite, naye atalia usiku kucha bila watu kujua sababu. Mtoto akilia sana pasipo sababu, mkague vidole vya mikono na vya miguu. Mtoto wa kiume mkague na uume.

Kama una watoto wawili wadogo, au mapacha, kila mmoja awe na vitambaa vyake vya uso.

Katika kufuta, loanisha kitambaa kwa maji safi. Mtoto wa kike afutwe kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kutoka nyuma kuja mbele, kwa sababu kinyesi kikiingia kwenye njia ya mkojo huleta ugonjwa. Kama kitovu bado hakijaanguka, kitambaa cha makalio kisikiguse kabisa. Kinyesi cheusi cha siku za kwanza hunata kama lami. Usimsugue mtoto. Paka mafuta kidogo kwenye kitambaa, kitatoka. Ukimaliza, mwache kidogo bila nepi apate hewa. Poda haihitajiki. Vumbi lake huingia kifuani mwa mtoto.

KUFUA NDIKO KWENYE KAZI

Kitambaa kisichofuliwa vizuri ni kibaya kuliko pakiti ya dukani. Hilo lazima niliseme. Mama akiona hataweza kufua kila siku, vipande 24 havitamsaidia.

Kinyesi kilichoshika kwenye kitambaa kisuuzwe na kumwagwa chooni. Usisuuzie mtoni wala karibu na kisima. Weka vitambaa vichafu kwenye ndoo yenye mfuniko, bila maji. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama katika ndoo yenye maji kidogo tu. Fua kwa sabuni katika beseni la kazi hiyo peke yake, wala si lile la kuoshea vyombo. Suuza mara mbili. Vya uso vifuliwe kwanza, vya makalio baadaye. Kila siku huhitaji kuvichemsha, kwa maana kuni ni ghali. Chemsha mtoto anapohara au anapotoka vipele.

Anika kwenye kamba, juani. Usitandaze kwenye majani wala kwenye mchanga wa kivulini. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wa kivulini. Funza wake huingia katika ngozi ya mtoto, na mahali hapo huvimba kama jipu. Wengine hudhani ni jipu la kawaida, wakalikamua. Pasi ya mkaa huua mayai hayo. Piga pasi pande zote mbili, hasa kwenye kingo zilizoshonwa, kwa sababu hapo ndipo unyevu hubaki.

Kisha mikono. Mama amemfuta mtoto kwa kitambaa safi kabisa, halafu akaenda kukanda unga bila kunawa. Amefanya kazi bure. Tundika kibuyu chirizi karibu na mahali unapombadilisha mtoto, siyo chooni peke yake. Dumu la lita 5, kamba, kijiti cha kukanyaga na kipande cha sabuni vinatosha.

MAJI ATALETA NANI?

Hapa najua mama zangu watanisimamisha. Mama mmoja aliniambia waziwazi: "Mwanangu, wewe unasema fua, suuza mara mbili, nawa. Kiangazi mimi naamka saa 10 usiku kwenda kuchota ndoo moja. Hayo maji utaniletea wewe?"

Swali lake ni la haki, nami naona sisi waganga tumezoea kulikwepa. Tunawaambia akina mama wawe safi, kana kwamba maji yanajileta yenyewe. Ndiyo maana sasa naomba kusema na akina baba.

Baba, vitambaa 10 vya mtoto vinahitaji ndoo moja ya maji kwa siku. Wewe una baiskeli. Mama ana kichwa, na mgongoni ana mtoto. Ndoo hiyo moja ichukue wewe jioni unaporudi. Sabuni ya mche uinunue kabla ya kununua kitu kingine siku ya gulio. Wanaume wengine wataona haya kuonekana kisimani. Mimi sijaona mwanamume aliyeona haya kumkimbiza mtoto zahanati usiku kwa baiskeli ile ile.

Maji yakiwa haba, anza na yale yaliyo muhimu zaidi: kunawa mikono, kisha uso wa mtoto, kisha vitambaa. Maji ya kusuuzia vya uso yanaweza kutumika kuanzia kufua vya makalio. Usifanye kinyume chake.

Mtoto akiharisha hata hivyo, endelea kumnyonyesha na mlete zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje macho yaingie ndani. Ukiona macho yake ni mekundu na yanatoa usaha, mlete pia.

Mama mwenye mimba ya miezi 7 anaweza kuanza leo. Kata kanga, shona kingo, kisha fua vipande vyote mara mbili kwa sabuni na uvipige pasi. Vifunge mafungu mawili, la pindo na la mji, uviweke kwenye mfuko wa kwenda kujifungulia.