Vita Visimfunge Jaji Mdomo



Kila mara bomu linapolipuka au basi linaposhambuliwa njiani, hatukawii kuusikia wimbo ule ule kutoka kwa wakubwa: nchi iko vitani, na nchi ikiwa vitani sheria haina budi kungoja. Wimbo huu huimbwa kwa sauti ya huzuni, nao huwavuta hata watu wema, wacha Mungu, waketio viti vya mbele kanisani. Sisi twaupinga. Twasema ni uongo, tena uongo mkongwe, na pwani hii ya Malindi na Kilifi iliuonja kabla wengi wa babu zetu hawajazaliwa.

Hatusemi kwamba hatari haipo. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, hapo Lamu, kaskazini yetu tu. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mwenye kupuuza maiti hizo si mtetezi wa haki, ni mpiga domo. Serikali ina wajibu wa kupigana na wauaji, nasi hatuibishii. Ugomvi wetu uko mahali pengine: askari akishamtia mtu pingu, nani atamwangalia askari? Wakubwa wasema ataangaliwa na mkubwa wake. Sisi twasema ataangaliwa na jaji, iwe amani au vita.

Tuanzie nyumbani. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mama mjane wa Kigiriama, alisimama mbele ya watu wake akawaambia wasitoe vijana wao kufanya kazi ya mzungu. Wazee kwa wanawake walikula kiapo Kaya Fungo. Utawala wa Kiingereza haukumpeleka mahakamani, kwani ungemshtaki kwa kosa gani? Kusema? Alikamatwa yeye pamoja na mzee Wanje wa Mwadori Kola, wakahamishwa hadi Kisii, upande wa pili wa nchi, kwa amri ya utawala peke yake. Hakuna jaji aliyeulizwa. Januari 1914 walitoroka wakarudi pwani, mwendo wa mamia ya kilomita. Vita Kuu vilipozuka Agosti mwaka huo, Waingereza waliwataka vijana wa Kigiriama kwa upagazi wa jeshi, na sasa kisingizio cha vita kikawa mkononi. Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, nyumba zikachomwa, watu wakatozwa faini ya rupia 100,000. Leo tumemjengea Mekatilili sanamu hapa Malindi, na viongozi hupiga picha mbele yake. Laiti wangekumbuka kwamba aliyesimama pale ni mtu aliyefungwa bila kufikishwa mbele ya hakimu!

Sasa shika njia ya Garsen, uendelee juu kuufuata Mto Tana, utafika Hola. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na chini yake maelfu kwa maelfu ya Wakenya waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 85 wa kambi ya Hola walitolewa kwenda kulima kwa nguvu. Walipokataa walipigwa marungu, na 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba vifo hivyo vilitokana na maji waliyokunywa. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Neno la mahakama lilikuja, ndiyo, lakini lilikuja lini? Oktoba 2012, Mahakama Kuu ya London ilikataa hoja ya serikali ya Uingereza kwamba muda umepita mno, ikawaruhusu wazee waliotesewa vizuizini kuendelea na kesi yao. Mmoja wa wazee hao alikuwa amenusurika Hola. Mwaka uliofuata Uingereza ilikubali kulipa fidia kwa watu 5,228. Miaka 54 tangu Hola! Wangapi walikuwa wamekwisha kuzikwa?

Tulipopata uhuru tulidhani vizuizi vimekwenda na mkoloni. La hasha. Mwaka 1966 Bunge letu wenyewe liliirudishia serikali uwezo wa kumweka mtu ndani bila kesi, kwa jina la kulinda usalama wa umma. Julai 1990 Kenneth Matiba, Charles Rubia na Raila Odinga walitupwa humo, na kosa lao lilikuwa kudai vyama vingi. Mahakama nazo? Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi zao, na matunda yake yakaonekana mara moja. Mwaka 1989 Jaji Norbury Dugdale aliamua kwamba haki za raia zilizoandikwa katika Katiba haziwezi kudaiwa mahakamani, kwa sababu Jaji Mkuu hajatunga kanuni za kuzidai. Yaani mwenye nyumba amesahau kuchonga ufunguo, basi wenye nyumba walale nje. Siku ile haki zetu zilifanywa maandishi matupu, na aliyezifanya hivyo alikuwa mtu aliyeapa kuzilinda. Maaskofu na wachungaji waliopaza sauti miaka ile, akina Henry Okullu, Alexander Muge, David Gitari na Timothy Njoya, walilielewa jambo hilo kuliko mawakili wengi: pale jaji anaponyamaza, chumba cha mateso huwa hakina mlango. Mwaka 1997 sheria ya kizuizini ilipunguzwa makali, na uwezo wa kufunga bila kesi ukaondolewa. Hilo halikuwa zawadi. Watu walilipigania mabarabarani.

Tunayarudia haya kwa sababu sasa tuna silaha ambayo Mekatilili hakuwa nayo, nayo ni Katiba ya 2010 pamoja na hukumu zilizojengwa juu yake. Katiba hii haikusahau vita. Ibara ya 58 yaruhusu hali ya hatari kutangazwa nchi ikivamiwa au ikiingia vitani, lakini tangazo hilo halipiti siku 14 bila idhini ya Bunge, na Mahakama ya Juu ina uwezo wa kuamua kama ni halali. Ibara ya 25 yataja mambo manne ambayo hayapunguzwi kamwe, na la nne ni haki ya mtu aliyefungwa kuletwa mbele ya jaji ili serikali ieleze imemfungia nini. Waliotunga ibara hiyo walikuwa na kumbukumbu ya Hola na ya vyumba vya chini vya Nyayo House.

Silaha hii imejaribiwa, na imekata. Desemba 2014, baada ya mauaji ya Mandera, Bunge lilipitisha sheria mpya za usalama katikati ya fujo na kurushiana ngumi, na Rais akazitia sahihi kesho yake. Tulionywa kwamba mpingaji yeyote ni rafiki wa magaidi. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walivifuta vifungu vinane vya sheria hiyo. Kimoja kilimruhusu kiongozi wa mashtaka kumficha mshtakiwa ushahidi. Kingine kiliruhusu mtu aliyekwisha kupewa dhamana aendelee kushikiliwa mpaka serikali ipate nafasi ya kupinga. Vifungu vingine majaji waliviacha, na baadhi tungependa navyo vingefutwa. Hata hivyo, jambo kubwa lilikwisha semwa: kupambana na ugaidi hakuipi serikali ruhusa ya kuivuka Katiba. Mwaka huo huo mashirika mawili ya haki za binadamu ya pwani, MUHURI na Haki Africa, yalitajwa katika orodha ya washukiwa wa kufadhili ugaidi na akaunti zao zikafungwa. Mahakama Kuu ya Mombasa haikuona uhusiano wowote na ugaidi, ikaamuru akaunti zifunguliwe. Serikali haikuanguka siku ile, na hakuna gaidi aliyefaidika.

Basi tatizo liko wapi? Liko kati ya chumba cha mahakama na kituo cha polisi. Mwanzoni mwa 2007 watu waliokuwa wakikimbia vita vya Somalia walikamatwa mpakani, Kiunga na kwingineko, wakapakiwa ndegeni usiku na kupelekwa Somalia na baadaye Ethiopia. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Kenya. Familia zilikimbilia mahakamani, na watu wao wakasafirishwa wakati mawakili wangali wakiwatafuta. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilitamka kwamba haki zao zilivunjwa na ikaamuru walipwe. Malipo ni kitu, lakini ndege ilikwisha ruka.

Februari mwaka huo huo wa 2007 Mkenya mmoja alikamatwa Mombasa, akakabidhiwa kwa Wamarekani, na Machi akawa yuko Guantanamo. Huko Marekani nako mahakama ilikuwa imesema. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba wafungwa wa Guantanamo waweza kwenda mahakamani, na ikamkumbusha Rais kwamba vita havimpi uhuru wa kuwatenda watu apendavyo. Mwaka 2006 ilizikataa mahakama za kijeshi alizojiundia. Mwaka 2008 ilisema Bunge haliwezi kuwapokonya wafungwa hao haki ya kumwona jaji. Hukumu tatu za mahakama kuu kuliko zote katika nchi yenye nguvu kuliko zote! Na ndugu yetu alirudishwa Kenya Desemba 2024, baada ya miaka zaidi ya 17, bila kufunguliwa shtaka hata moja. Anayedhani kushinda kesi ndiyo mwisho wa safari na autafakari mfano huo.

Kuna jambo moja gumu ambalo tungelikwepa kama tungekuwa tunaandika ili kupendwa. Wapendwa wengi makanisani hutuunga mkono mpaka mahabusu awe ni mtu wanayemchukia. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, hapa hapa kwetu, ulifukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa. Machozi yetu hayajakauka. Lakini mhubiri aliyetuhumiwa na wenzake walishikiliwa kwa miezi kadhaa, muda ukiongezwa na kuongezwa tena, mpaka Januari 2024 hakimu wa Shanzu alipoiambia serikali iwashtaki katika siku 14 au iwaachilie. Wako waliomlaani hakimu yule. Sisi twamsifu. Ndani ya siku hizo mashtaka yalifunguliwa, na hivyo ndivyo waliouawa wanavyopata kesi ya kweli. Tena tusisahau kwamba waathirika 65 waliookolewa msituni walishtakiwa mwaka 2023 kwa kujaribu kujiua, eti kwa kuwa walikataa kula. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na serikali huanza na nguruwe kila mara. Ikishazoea kumfunga anayechukiwa bila kumjibu jaji, zamu ya anayependwa haiko mbali. Wale vijana waliotekwa baada ya maandamano ya 2024 walikuwa wanawe nani, kama si wetu?

Mtume Paulo alijua jambo hili. Huko Filipi alipigwa na kufungwa bila kuhukumiwa, na kulipokucha wakubwa walitaka aondoke kimya kimya. Alikataa. Alidai waje wenyewe wamtoe, mchana, mbele ya watu. Hakuwa na kiburi. Alitaka ijulikane kwamba sheria ilivunjwa na ni nani aliyeivunja.

Basi tufanye hivyo. Mtu akikamatwa, awe mvuvi wa Mayungu au ustadhi wa Shela, wawili au watatu waende kituoni siku ile ile. Muulizeni mkuu wa kituo kwa adabu: yuko hapa? Ameandikwa katika OB, na kwa nambari gani? Ibara ya 49 yataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa saa hizo zimeishia siku ya mapumziko. Mkiambiwa kesi ni ya ugaidi, jibuni kwamba hata Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 yamlazimu polisi kuomba muda zaidi kwa mahakama, na kwamba siku zote kwa jumla hazipiti 90. Andikeni jina la afisa, saa na alichojibu. Akikana kwamba mtu yuko kwake, msirudi nyumbani kuomba tu, ingawa kuomba ni kwema. Nendeni Mahakama Kuu, iliyopo hapa hapa Malindi mjini. Shauri la kudai haki za Katiba halitozwi ada ya kulifungua. Ibara ya 22 yamruhusu mtu yeyote kulifungua kwa niaba ya asiyeweza kujisemea, na ikibidi mahakama yaweza kulipokea hata kwa maandishi yasiyo rasmi.