Kadi ya michezo tuichague kwa umeme wa Goma, si kwa jina

Wiki hii kijana mmoja alinisimamisha njiani Ndosho, akaniuliza: «Yaya, nikamate RTX 3060 ama niache?»

Jamaa yake ilikimbia vita Masisi. Hapa mjini amefungua chumba kidogo chenye kompyuta moja na maneti mbili, watoto wanalipa kucheza mpira ule wanaoendelea kuuita FIFA, hata kama tangu 2023 jina lake ni EA Sports FC. Chumba hicho ndicho kinalipa nyumba ya watu sita. Kadi ya grafiki aliyo nayo imezeeka, picha inakwama-kwama, na wateja wanahamia kwa jirani. Ana dola 250 mkononi. Tangu benki zifungwe Januari 2025, hakuna mahali pa kwenda kukopa akikosea.

Wako watakaosema ni haya kuzungumza michezo wakati wengine wamekosa unga. Mimi sioni haya. Hiyo ni kazi, sawa na kinyozi au kibanda cha kuchaji simu. Ila saa za masomo, mdogo wangu, funga mlango.

Jibu langu kwake lilikuwa: aiache. RTX 3060 ni kadi nzuri, ina giga 12 za kumbukumbu, lakini inakula mpaka wati 170, na NVIDIA wenyewe wanashauri kompyuta iwe na alimentasiyo ya wati 550. Yeye ana kompyuta ya mtumba iliyotoka katika ofisi. Tulifungua kifuniko tukasoma karatasi ya alimentasiyo: wati 300, na hakuna hata ule waya wa kulisha kadi. Angelazimika kununua alimentasiyo nyingine, tena katika kompyuta nyingi za ofisi ile ya kawaida haiingii, plagi zake ni za peke yake. RTX 4060 ni afadhali, wati 115, lakini nayo inataka waya wake, na ilipotoka 2023 bei yake Marekani ilikuwa dola 299 kabla ya usafiri na forodha.

Mimi ningechukua RTX 3050, ile ya giga 6. Muwe macho, kuna ya giga 8 yenye jina hilohilo, inakula karibu mara mbili. Ya giga 6 inatumia wati 70, zote inazipata kwenye ubao wa kompyuta bila waya wa ziada. Kwa mpira kwenye skrini ya kawaida inatosha kabisa.

Tofauti ya wati 100 ni nini? Ukifungua saa kumi kwa siku, ni kilowati-saa moja kila siku, na kila mtu anajua anacholipa kwenye kompteri yake. Umeme wa mitaa yetu mingi unatoka Matebe, Rutshuru, na vita imekwisha kukata laini zake. Ukikatika unahamia kwenye betri au jenereta, na hapo wati 170 utazisikia mfukoni. Stabilizateri pia isikosekane. Kuranti ikirudi kwa nguvu inaua kadi ya bei yoyote.

Kuhusu mtumba: Septemba 2022 Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na wachimbaji hao (si wale wa Rubaya) wakaziuza zilizofanya kazi usiku na mchana. Usilipe kabla ya kuona kadi ikichezesha mchezo nusu saa mbele yako. Weka pia GPU-Z, programu ya bure inayosoma chipu yenyewe, maana kuna kadi za zamani zilizobandikwa majina mapya. Mimi nilishauziwa moja hivyo, na muuzaji hakupokea simu tena.

Nimemtaja Rubaya kwa sababu. Koltani ya pale inatoa tantali, na tantali inaingia katika vipande vidogo vya vifaa vya elektroniki, hata kwenye baadhi ya kadi hizi. Kijana huyu alikulia karibu na machimbo. Kitu kilichotoka kwao kinamrudia kwa dola.

Jumamosi fundi anakuja kupima kama kadi itaingia ndani ya sanduku, maana ni jembamba. Pesa zitakazobaki, mama yake amekwisha kuzipangia kodi ya nyumba.